Mwalimu na Kizibo cha Chumvi

Watu wengine ukiwaamkia wanakuuliza umeamkaje. Mwalimu ukimwamkia aliitikia marahaba, akaweka kikapu chake chini, akakuuliza jana usiku ulikula nini. Hakuuliza kwa njaa, ingawa miaka ile njaa ilikuwa sababu nzuri tu ya kuuliza. Ukisema ugali na mboga, anauliza mboga gani. Ukisema mchicha, anauliza uliungwa na nini. Ukisema haukuungwa, anauliza chumvi aliitia nani, na yale maji ya kuchemshia yalimwagwa au yalinywewa. Nimewahi kuona mtu mzima, baba wa watoto saba, akivuka barabara na kuingia dukani kuulizia sabuni aliyojua fika kwamba haipo, ili tu asikutane na swali la mboga.

Bibi huyu alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, wapo wanaojua, waulizwe wao. Mimi nilimkuta Babati akiwa tayari ni Mwalimu, kama nilivyoukuta mlima Kwaraa ukiwa tayari ni mlima. Alikuwa amefundisha Sayansikimu, somo la mapishi na lishe, hadi akastaafu, na alistaafu kwenye karatasi tu. Mdomo wake haukupata barua.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kwetu Singe kupumzika kidogo kabla ya kutafuta kazi. Mapumziko yale hayajaisha hadi leo. Hata serikali ilipopitisha ule msako wa wazururaji wasio na kazi, vijana wenzangu wakikimbilia mashambani kujificha, mimi nilipona bila jasho, kwa sababu mzururaji lazima kwanza azurure. Mimi nilikuwa jikoni. Baba alikuwa Mbulu akiangalia shamba la babu, anashuka kwetu kwa msimu. Mama miguu ilikuwa imeanza kuvimba, kusimama ni shida, basi mwiko ukahamia mkononi mwangu. Majirani walifurahi sana.

"Mama Boay, huyu binti yako ameanza kuota ndevu!"

"Binti mwenye ndevu amepika na tumekula," Mama anajibu. "Wako asiye na ndevu yuko wapi saa hizi?"

Uvimbe ule ulikuwa presha. Mama hakuogopa kufa. Hilo alilisema wazi, kama mtu anayezungumzia safari ya Dareda. Aliogopa kupooza. Dada yake mkubwa kule Mbulu alikuwa amepooza upande mmoja, analishwa uji kwa kijiko na wakwe zake, na Mama alipokwenda kumwona alirudi hasemi kwa siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Boay, mimi nisije nikalishwa na mtu."

Sasa tatizo: zahanatini vidonge vya presha vilikuwa vya kuhesabu. Miezi mingine vinakuja, miezi mingine linakuja boksi tupu na barua ya kusikitika. Daktari akajiwekea utaratibu. Mgonjwa apunguze chumvi kwanza. Akipunguza kweli na presha ikabaki juu, huyo ndiye wa vidonge. Asiyepunguza, akapunguze. Lakini nani atajua aliyepunguza kweli? Daktari hana macho ya kuingia jikoni kwa watu. Akamwita mtu mwenye macho hayo.

Mwalimu alikubali kabla Daktari hajamaliza sentensi. Alikata madaftari ya shule katikati kwa kisu, maana karatasi nazo zilikuwa za kutafuta, akawapa wagonjwa nusu nusu. Kila ukurasa aliuchorea mistari kwa rula: siku, chakula, chumvi, mboga na matunda, maji yaliyomwagwa. Kila jioni uandike ulichokula. Asiyejua kuandika amtafute mtoto wa shule. Mama alikuwa na mimi, mtoto wa shule mwenye ndevu.

Vijiko alivikataa katakata. "Kijiko cha nani?" alikuwa anauliza. "Cha Mama Boay au cha harusini?" Alileta vizibo vya soda, vya zamani, maana soda zenyewe tulikuwa tumezisahau ladha. Chumvi unaijaza kwenye kizibo, unasawazisha kwa kisu, unaandika: kizibo kimoja, kizibo nusu. Ukimwambia umetia kidogo, alikuangalia kama umemtukana. "Kidogo ni kiasi gani? Nikikwambia nakuja kwako kidogo, utanipikia?"

Na hakuamini maandishi peke yake. Alikuwa na mizani ndogo ya shaba, ya jiko la shule. Jumatatu anapita na kikapu, anapima kopo lako la chumvi. Jumatatu inayofuata anapima tena. Kilichopungua anakigawa kwa midomo ya nyumba, halafu ndipo anafungua daftari kuona wewe umesema nini. Kwa njia hiyo aligundua kwamba mji mzima ulikuwa unamwandikia chumvi pungufu na mboga zilizozidi. Hakukasirika. Alisema watu hawadanganyi kwa ubaya, wanaandika mtu wanayetaka kuwa. Lakini mchicha ulimtia mashaka. Kama mchicha wote ulioandikwa Babati mwezi ule ungekuwa kweli, mbuzi wa Nangara wangekufa njaa.

Mwenye duka mmoja, mzee wa watu na mcheshi, aliapa mbele yake kwamba yeye chumvi hatii kabisa.

"Wallahi Mwalimu, mimi chumvi sitii."

Mizani ikasema kopo limeshuka nusu. Mwalimu akamgeukia mke wa mzee.

"Ni kweli, hatii," mama yule akasema. "Natia mimi. Yeye anakula tu."

Mwalimu alicheka mpaka akaketi kwenye gunia. Halafu akafungua daftari la mzee na kurekebisha, taratibu, kwa peni nyekundu, bila kumwambia neno la kumwaibisha. Mzee akamwambia, "Mwalimu, mimi ndiye muuza chumvi, na wewe unanifukuzia wateja." Akamjibu, "Chumvi yenyewe ya kuuza unayo?" Hakuwa nayo. Ilikuwa wiki ya tatu haijaletwa. Wakacheka wote wawili.

Somo lake lilikuwa moja, alilirudia kila penye watu zaidi ya wawili. Chumvi ina kitu ndani kinaitwa sodiamu. Sodiamu ni mgeni anayekuja na maji yake. Akikaa mwilini, maji yanakaa naye, mishipa inajaa. Kwenye ndizi, viazi, maharage na majani ya maboga kuna mwingine, potasiamu, ambaye kazi yake ni kumsindikiza yule mgeni mpaka mlangoni. Ndiyo maana maji ya kuchemshia viazi yalimuuma rohoni. "Umemwaga msindikizaji!" alikuwa akimwambia mtu. "Sasa mgeni ataondokaje?" Watoto wa Maisaka walikuwa wakimwigiza, mmoja anashika kikapu, mwingine anajifanya kumwaga maji, yule wa kikapu anapiga kelele. Aliwakuta siku moja. Alisimama akatazama mpaka mwisho, akamsahihisha yule wa kikapu namna ya kushika kikapu.

Usidhani alikuwa malaika. Kwanza, alikuwa hajui kupika. Mwanamke aliyefundisha Sayansikimu karibu maisha yake yote alipika chakula ambacho kilikuwa sahihi, basi. Ukila kwake unasikia ladha ya rula. Pili, alihubiri kwamba chai kavu, isiyo na sukari, ni afya, na sukari ilipotajwa kwamba imefika kwa balozi wa nyumba kumi, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwenye foleni na kibakuli. Tatu, hakuweza kula yai la kuchemsha bila chumvi. Hilo halikuwa siri, kwa sababu naye alikuwa na daftari lake, na alilionyesha kwa yeyote. Niliwahi kusoma humo kwa macho yangu: "Yai moja. Chumvi, kizibo nusu. Aibu." Nilimuuliza mbona anaandika aibu. Akasema, "Nisipoiandika, kesho itakuwa kizibo kizima."

Hivyo ndivyo alivyokuwa na ukweli. Na ndiyo sababu siku alipokosea iliuma zaidi.

Mama alipunguza chumvi kweli. Sisemi kidogo, karibu aiache. Mimi ndiye niliyekuwa napika na ndiye niliyekuwa naandika. Kutoka vizibo vitatu kwa siku tukashuka hadi kimoja, halafu nusu, kwa nyumba nzima. Mama alikuwa anakula ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Alisema mdomo wake umekuwa kama kuni. Mizani ya Mwalimu ikakubaliana na daftari. Lakini kila mwezi tukienda zahanatini, Daktari anavimbisha ule mpira wa kupimia kwenye mkono wa Mama, anausikiliza, na uso wake unabadilika. Presha inapanda, na vidonge havijaja. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwezi wa nne Mama alikuwa akishika ukuta kutoka chumbani hadi mlangoni, na asubuhi vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinamfa ganzi. Alikuwa anavikunja na kuvikunjua kitandani, akihesabu, bila kuniambia anahesabu nini. Nilijua.

Siku hiyo ya mwezi wa nne benchi la zahanati lilijaa. Daktari alitaja kipimo, Mwalimu akafungua daftari letu, akalitazama, akamtazama Mama.

"Mama Boay, kwenye karatasi chumvi imeshuka. Kwenye mkono presha imepanda. Kati ya karatasi na mkono, mmoja anadanganya. Na mkono sijui utadanganya kwa faida gani."

Benchi zima likageuka kumtazama Mama.

"Unaniita mwongo, Mwalimu?" Mama aliuliza. Akikasirika Kiiraqw cha kwao Mbulu kilimrudi kwenye ulimi, maneno yakawa magumu kooni.

"Nasema daftari."

"Daftari ameandika mwanangu. Kopo umepima wewe. Sasa mwongo ni nani hapo, kopo?"

"Inawezekana lipo kopo la pili."

Mtu akacheka kule nyuma. Mama alisimama, na kusimama kwake kulichukua muda, jambo lililofanya iwe mbaya zaidi. Akasema, "Boay, twende." Vidonge vya mwezi ule vilikuwepo, nilivichungulia kwenye kopo mezani kwa Daktari. Walipewa wengine. Sisi tulirudi Singe bila kidonge, Mama akiniegemea, na njiani akasema neno moja tu: kwamba zahanati ile haendi tena, afe nyumbani kwake akiwa mkweli.

Nilikaa siku tatu nikiwaza kwamba Mama ana kopo la pili. Ndiyo, mwanawe mwenyewe. Nilipekua chini ya kitanda, nikapekua kwenye mfuko wa mbegu. Sikupata kitu, nikaona haya, nikaendelea kupika.

Jumamosi asubuhi Mwalimu akaja. Hakubisha kwa madaha. Alisimama uani, akasema, "Hodi. Mama Boay, sikuja kuomba radhi, maana sijui bado kama nimekosa. Nimekuja kukaa."

Mama akamgeuzia mgongo. "Kaa. Kiti si changu, ni cha seremala."

Akakaa. Alikaa mlangoni mwa jiko tangu chai hadi jua la saa sita, kikapu mapajani, macho kwenye mikono yangu. Mtu ukitazamwa hivyo unaanza kupika kama uko kwenye mtihani. Nilitaka kumpendeza. Nilikuwa napika makande, mahindi na maharage, chakula chetu cha siku nne kati ya saba. Nikaosha maharage mara mbili, kwa madaha. Nikapuliza kuni. Mafuta ya taa yalikuwa hayapo tangu mvua za vuli, na kuni tulikuwa tunazifuata mbali, kwa hiyo chakula chochote cha kuchemka muda mrefu kilikuwa na dawa yake. Nikafungua kitambaa, nikatoa bonge la magadi, yale ya kijivu wanayoleta kutoka ziwani kule Katesh, nikavunja kipande kama yai la kuku, nikakitumbukiza chunguni. Povu likapanda. Nikamtazama Mwalimu nikisubiri sifa.

"Nini hicho?"

"Magadi, Mwalimu. Makande yanaiva upesi."

"Siku zote unatia kiasi hicho?"

"Hapana. Zamani tulikuwa tunatia kama ncha ya kidole. Siku hizi kuni hakuna, tunaongeza."

"Tangu lini?"

"Tangu mafuta ya taa yalipokatika. Kama miezi minne, mitano."

Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na kwenye daftari umeyaandika wapi?"

"Mwalimu, mstari wa magadi haupo. Uliuliza chumvi."

Kile kikapu kilianguka. Mizani ikatoka ikabiringika hadi kwenye majivu na hakuiokota. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Magadi ni sodiamu tupu, alisema. Alisema analijua hilo tangu chuoni, ameandika ubaoni mara mia, lakini kwake magadi hayaingii jikoni, basi hayakuingia hata kwenye daftari aliloliwaza. Amewauliza watu wa makande habari za chumvi kama anavyowauliza watu wa ugali. Na sisi, tulivyo watu wa kujibu tulichoulizwa, tukamjibu.

Akainuka, akaenda hadi alipokaa Mama, akapiga magoti chini kwenye vumbi. Mwalimu, na umri ule.

"Mama Boay, mistari niliichora mimi."

Mama alimtazama muda mrefu. "Inuka," akasema. "Magoti yako nayo si mazima. Na utakula hapa. Makande yameshatiwa, hatutayamwaga."

"Siwezi kuyala hayo."

"Basi wewe tazama. Mimi nina njaa."

Jumanne iliyofuata Mwalimu alisimama mbele ya benchi lile lile, akasema mwongo alikuwa ni yeye, akamwomba kila mgonjwa atoe daftari auongeze mstari wa magadi kwa mkono wake. Mama alikuwepo, kiapo chake amekisahau, na Daktari akampa vidonge vya wiki mbili. Kwetu Mwalimu alituletea kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya mahindi na blanketi kuukuu: unaloweka maharage tangu jana, unayachemsha kidogo asubuhi, unakizika chungu mle ndani na joto lake, unakwenda zako, jioni kimeiva bila magadi. Mimi niliyekuwa sina pa kwenda nilikaa tu nikikilinda. Ganzi ya vidole ilichukua miezi kuisha. Ikaisha. Mama akarudia kutembea hadi sokoni mwenyewe, akarudia kugombana na wauza ndizi.

Nilimwona Mwalimu mara ya mwisho miaka mingi baadaye, maduka yakiwa yamejaa tena, chumvi imefungwa kwenye pakiti za plastiki. Nilikwenda kwake Maisaka kumpa habari kwamba Mama amefariki. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, akanijua kwa sauti.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Boay. Nimesikia. Miguu ilinikatalia kuja kuzika." Akanisogezea sikio. "Alipooza?"

"Hapana Mwalimu. Ilikuwa homa ya siku tano. Uji wa mwisho alikunywa kwa mkono wake. Nilitaka kumshikia kikombe akanipiga kofi mkononi."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ile miezi minne, Boay," akasema. "Nimeibeba. Kila nikilala naiona. Kama angepooza ndani ya ile miezi, ningekuwa nimempoozesha mimi kwa rula. Vidonge vipo mezani, na mimi namwita mwongo."

Nilikuwa nimekuja kutoa habari moja tu. Lakini yule bibi alikuwa ameketi pale mwenyewe na kosa ambalo halikuwa lake peke yake, na mimi tangu siku ya chungu kile nilikuwa nimenyamaza, maana kunyamaza hakuhitaji kutoka nyumbani.

"Mwalimu, kuna jambo sikukwambia."

"Sema."

"Magadi nilikuwa nayajua. Kidato cha tatu, kemia. Tuliulizwa kwenye mtihani magadi ni kitu gani. Niliandika ni sodiamu kaboneti. Nilipata vema. Halafu nikarudi nyumbani, nikawa navunja bonge karibu kila siku natia kwenye chakula cha Mama, na jioni naandika chumvi nusu kizibo. Haikunijia hata siku moja kwamba ni kitu kile kile. Ulipoanza kushika kichwa pale jikoni ndipo iliponijia. Nikaogopa."

Akanigeuzia uso.

"Ulipata vema?" akauliza.

"Nilipata vema."

"Na miaka yote hii umeniacha nalala nalo peke yangu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

Akanyoosha mkono hewani akinitafuta. Nikasogeza kiti, akanipata begani, akanikamata sikio, akalivuta kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Halafu akaliachia, na mkono wake akauacha pale pale begani kwangu.

"Haya," akasema. "Sasa tuko wawili. Nieleze tena alivyokupiga kofi."

Nikamweleza tena.